Gitaa limebadilishwa waya, sasa linavuma: usinunue pikapu nyingine kabla ya kusoma hapa

Ujumbe ulitufikia kwa simu kutoka Kabuku, wilayani Handeni. Mpiga gitaa wa kwaya alikuwa amepeleka gitaa la kanisa kwa fundi redio mjini Korogwe, likafungwa pikapu tatu mpya na jeki mpya. Jumapili alipolichomeka kwenye amplifaya, ukaingia mvumo uliofunika hata kinanda. Mzee wa kanisa akamfanyia ishara azime. Harusi iko mbele kwa wiki mbili, na kwaya imeshapokea malipo ya awali. Swali lake lilikuwa fupi: arudishe pikapu za zamani, au atafute hela anunue nyingine?

Tulimjibu asinunue kitu. Gitaa ambalo lilikuwa kimya kabla ya kufunguliwa na linavuma baada ya kufungwa, mara nyingi lina kosa la waya mmoja, na waya huo unaweza kuujua kabla hujashika bisibisi. Maelezo haya ni kwa ajili yake, na kwa wengine wengi wa Mkata, Segera, Mombo na Magoma wanaopiga kwenye makanisa na kwenye harusi kwa magitaa yaliyopita kwa mafundi watatu au wanne.

Tuanze na hiyo pikapu, ambayo hapa siyo gari. Ni kile kipande kilicho chini ya nyuzi, kinachogeuza mtetemo kuwa umeme. Ndani yake kuna sumaku, na kuizunguka sumaku hiyo kuna waya wa shaba mwembamba kama unywele, uliozungushwa mara maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, waya ule unapata umeme kidogo sana, na amplifaya inaukuza mpaka usikike nje ya kanisa.

Shida ni kwamba koili haichagui. Haijui kama umeme ulioingia umetoka kwenye uzi au kwenye transfoma iliyo ndani ya amplifaya. Umeme wa gridi yetu ni wa volti 230 na unabadilisha mwelekeo kwa mizunguko 50 kila sekunde. Ndivyo ulivyo ule unaozalishwa hapa hapa Korogwe, kwenye kituo cha Hale kilichojengwa mwaka 1964 katika Mto Pangani, na ndivyo ulivyo kwenye gridi nzima ya taifa. Kila waya wenye umeme huo, kila taa na kila chaja, unatoa mvumo wa mizunguko hiyo hewani, nalo gitaa linaunasa.

Mpiga gitaa anaweza kuutambua kwa sikio. Bonyeza uzi mnene kuliko wote kwenye freti ya tatu. Noti hiyo, ambayo wengi wanaiita G, ina mitetemo 98 kwa sekunde. Mvumo wa umeme husikika kwenye 50, na mara nyingi kwenye 100 pia. Kwa hiyo ukisikia kelele nzito iliyo karibu sana na ile G, juu kidogo tu, au G ya chini yake, hiyo ni kelele ya umeme. Ukisikia mkwaruzo, kupasuka, au sauti inayokatika unapozungusha volyumu, hiyo ni habari nyingine: ni uchafu ndani ya volyumu au waya unaoachia.

Kuna kelele moja ambayo kila mwenye simu anaijua hata kama hajawahi kushika gitaa. Ni ile titi-titi-titi inayoingia kwenye redio sekunde chache kabla simu haijaita. Gitaa nalo linaishika. Kabla hujamlaumu fundi, toa simu mfukoni na uiweke mbali na gitaa. Inaonekana jambo dogo mno, lakini nimeona watu wawili wazima wakifungua gitaa mchana kutwa huku simu ikiwa mezani, pembeni ya lile gitaa.

Majaribio ya mkono mmoja

Sasa tuingie kwenye kazi. Majaribio haya hayahitaji kifaa chochote, lakini kuna sharti moja: amplifaya iwe imechomekwa kwenye soketi yenye athi, yaani ule waya wa tatu unaokwenda ardhini, na wakati wa kujaribu usiguse maikrofoni. Sababu nitaieleza huko mbele, na hiyo ndiyo sehemu ambayo nisingependa uiruke.

Washa amplifaya kwa sauti ya wastani. Fungua volyumu ya gitaa mpaka mwisho, kisha ifunge kabisa. Volyumu ikifungwa, inaunganisha njia ya sauti moja kwa moja na athi, kwa hiyo chochote kilichotoka kwenye pikapu kinazimwa hapo. Kama mvumo umekufa, kelele inaingia kupitia pikapu au waya zinazotoka huko. Kama mvumo umebaki vilevile, usiguse pikapu hata moja. Kosa liko kwenye jeki, kwenye waya unaokwenda kwenye amplifaya, au kwenye amplifaya yenyewe. Chomeka waya mwingine unaouamini. Bado? Chomoa waya kabisa kwenye amplifaya. Kama inaendelea kuvuma ikiwa peke yake, gitaa lako halina hatia. Pengine kapasita za ndani ya amplifaya zimezeeka, na kazi hiyo ni ya fundi. Usiifungue mwenyewe, hasa ikiwa ni ya zamani yenye vali, kwa sababu kapasita hizo zinaweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa plagi.

Jaribio la pili ndilo linalosema mengi. Fungua volyumu tena, usipige noti yoyote, kisha weka kiganja juu ya nyuzi na usikilize.

Kelele ikipungua, waya wa athi wa nyuzi unafanya kazi. Mwili wako ni antena, umejaa kelele kutoka kwenye nyaya za nyumba, na unapoishika chuma yenye athi kelele hiyo inapata njia ya kuondoka. Magitaa mengi ya umeme yanafanya hivyo hata yakiwa mazima. Kilichobaki ni kupunguza kelele inayoingia, tutakuja huko.

Kelele isipobadilika ukigusa nyuzi, shika chuma cha plagi iliyoingia kwenye gitaa. Ikipungua hapo, jibu umelipata: nyuzi hazijaunganishwa na athi. Kuna waya mmoja, mara nyingi mfupi, unaotoka nyuma ya volyumu kwenda kwenye briji, kile chuma kinachoshika nyuzi upande wa chini. Fundi asiyezoea magitaa anausahau kwa urahisi, kwa sababu hauna kazi yoyote katika kutoa sauti. Gitaa linapiga vizuri bila waya huo. Linavuma tu.

Na kelele ikiongezeka ukigusa nyuzi au chuma cha plagi, yaani gitaa linalia zaidi unapolishika kuliko unapoliacha, basi karibu kila mara waya mbili za jeki zimebadilishana nafasi. Jeki ya gitaa ina miguu miwili. Mmoja unagusa ncha ya plagi, hapo ndipo sauti inapita. Mwingine unagusa shina la plagi, hapo ndipo athi. Zikipishana, nyuzi, briji na mwili wako vinaingizwa kwenye njia ya sauti, na amplifaya inakukuza wewe. Sauti ya gitaa bado inatoka, ndiyo maana fundi anaamini amemaliza kazi.

Jeki inawapotosha watu kwa sababu ya umbo lake. Ukiitazama, ile chuma ndefu iliyokunjwa kama ndoano ndiyo ya ncha. Duara la katikati linaloshika shina ndilo la athi. Usifuate rangi za waya, fuata chuma. Nimekuta magitaa ambayo waya mweusi ndio wa sauti na mweupe ndio wa athi, na mengine ambayo zote ni nyeusi.

Kwa mwenye mita

Mafundi redio wote wana mita, na siku hizi hata mafundi simu. Ukiweza kuazima moja kwa nusu saa, unaweza kupima gitaa zima bila kulifungua. Chomeka waya kwenye gitaa, lakini upande wa pili usichomekwe popote. Weka mita kwenye omu, ncha moja iguse ncha ya plagi, nyingine iguse shina.

Volyumu ikiwa wazi na swichi ikiwa kwenye pikapu moja ya koili moja, mita isome kati ya kilo-omu 5 na 10 hivi. Pikapu za koili mbili zinaweza kwenda juu zaidi. Pikapu mbili zikiwa pamoja, namba inashuka karibu nusu, hilo ni sawa. Ukifunga volyumu, namba ishuke hadi karibu na sifuri. Isiposhuka, mguu wa tatu wa volyumu haujalehemiwa kwenye athi. Mita ikisoma sifuri hata volyumu ikiwa wazi, kuna waya umegusana na mwingine mahali fulani. Isiposoma kitu kabisa, kuna waya umekatika, na sehemu iliyokatika inavuma kama antena.

Kipimo cha mwisho: ncha moja kwenye shina la plagi, nyingine kwenye uzi wa gitaa. Hapo mita inatakiwa isome karibu na sifuri, au ilie kama ina kengele. Kimya maana yake ule waya wa briji haupo, au upo na haujashika.

Andika namba hizi kwenye karatasi kabla ya kupeleka gitaa kwa fundi. Ukienda na karatasi, unazungumza naye kama mwenzake. Ukienda na neno "linavuma", utarudi na pikapu nyingine.

Makosa ya mkono wa kulehemu

Tuseme umefungua sasa. Kwenye magitaa ya umbo la Stratocaster, ambayo ndiyo mengi madukani, waya wa athi ya nyuzi haushiki briji moja kwa moja. Unapita kwenye tundu hadi nyuma ya gitaa, chini ya kifuniko cha plastiki, na unalehemiwa kwenye kile chuma kinachoshika springi. Fungua kifuniko hicho kwanza, ni skrubu chache tu. Kwenye umbo la Telecaster waya umebanwa chini ya bamba la briji. Kwenye umbo la Les Paul umefichwa ndani ya tundu la nguzo ya briji au ya kile chuma cha mkia, na huuoni mpaka uing'oe nguzo. Hapo mita ni bora kuliko macho.

Halafu tazama migongo ya volyumu na toni. Hapo ndipo waya nyingi za athi hukutana, na hapo ndipo kulehemu kunakoharibika zaidi. Mgongo wa volyumu ni chuma kipana, unakunywa moto. Chuma cha kulehemu cha wati 25 kinachotosha kwenye redio hakitoshi hapo. Risasi inayeyuka juu, inakaa kama tone la nta, lakini haijashika chini. Ukivuta waya kwa vidole inabanduka. Kiungo kizuri kinang'aa na kimetandaa. Kibovu ni cha kijivu na kimeviringika kama punje ya mtama. Dawa yake ni kukwaruza mgongo kwa msasa kwanza, kutumia chuma cha wati 40 hadi 60, na kupasha chuma chenyewe kabla ya kuleta risasi. Fanya haraka, kwa sababu moto wa muda mrefu unaharibu volyumu ndani.

Hapa nichomekee jambo moja kwa kuwa sisi ni watu wa redio. Kiungo kibovu kinaweza kufanya kazi kama daiodi, na daiodi ikiungana na waya mrefu unaofanya kazi ya antena, ni redio tayari. Ndiyo maana kuna wapiga gitaa wanaoapa kwamba walisikia taarifa ya habari ndani ya amplifaya. Hawadanganyi, wala siyo mapepo. Walehemu upya.

Pikapu zenye waya nne au tano zina mtego wao. Moja ya waya hizo haina ganda la plastiki, iko tupu. Hiyo inakwenda kwenye athi siku zote. Fundi akiikata akidhani ni ya ziada, chuma cha pikapu kinabaki hakina athi, nacho kinanasa kelele kama sahani ya dishi.

Kuna malalamiko mengine yanayoletwa kama kelele lakini siyo kelele. Pikapu mbili zikiwashwa pamoja sauti inakuwa nyembamba, haina tumbo, kama inatoka kwenye kopo. Hapo pikapu moja imefungwa kinyume na nyingine. Badilisha waya mbili za pikapu moja tu, lakini kama pikapu hiyo ina kifuniko cha chuma kilichounganishwa na waya wake wa athi, tenganisha kifuniko kwanza, la sivyo utakuwa umeweka njia ya sauti kwenye chuma unachogusa.

Na kuna kundi la watu ambao fundi wao hakukosea kitu, ila mvumo umezidi. Magitaa mengi yenye pikapu tatu za koili moja huwa na ile ya kati iliyozungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa. Ukiiwasha pamoja na jirani yake, mivumo miwili inakutana ikiwa kinyume na kufutana, huku sauti ya nyuzi ikibaki. Ndiyo akili hiyo hiyo aliyoitumia Seth Lover wa kampuni ya Gibson huko Marekani mwaka 1955, alipoomba hataza ya pikapu ya koili mbili. Sasa ukinunua pikapu tatu moja moja, kila moja kutoka kwenye boksi lake, kinyume hicho hakipo tena. Gitaa litavuma kwenye kila nafasi ya swichi, na hakuna kulehemu kutakakoliponya. Unaponunua, omba seti.

Kelele inayobaki

Baada ya makosa kuondoka, kelele kidogo itabaki kwenye pikapu za koili moja. Kwenye muziki wetu inasumbua kuliko mtu anavyodhani. Mkoa wa Tanga ni nyumba ya gitaa safi: Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilitoka hapa, na ndugu Wilson na George Kinyonga waliondoka Tanga, wakaenda kuunda Simba Wanyika nchini Kenya mwaka 1971. Gitaa la namna hiyo linapiga noti moja moja na linaacha nafasi, na katika nafasi hizo mvumo hauna pa kujificha.

Jaribu kwanza kujigeuza. Ukiwa umesimama na gitaa, zunguka polepole mahali ulipo. Kama mvumo unapanda na kushuka, unatoka kwenye sumaku ya transfoma fulani, aghalabu ile ya amplifaya uliyoipa mgongo kwa hatua moja. Sogea mita mbili au tatu, tafuta upande ambao ni kimya, usimame hapo. Hakuna karatasi ya fedha itakayozuia mvumo huo.

Karatasi inasaidia kwa kelele nyingine, ile kali kama nyuki, inayopungua unapogusa chuma. Mafundi wa nje hupaka tundu la gitaa utepe wa shaba. Karatasi ya alumini ya kufunikia chakula inafanya kazi hiyo pia, kwa masharti mawili. Vipande vyote vigusane, na karatasi iunganishwe na athi. Alumini haishiki risasi ya kawaida, kwa hiyo funga waya wa athi kwa skrubu na washa juu ya karatasi. Kisha hakikisha haigusi mguu wowote wa sauti kwenye swichi au jeki, maana ikigusa gitaa litanyamaza kabisa na utadhani umeliua. Utepe wa plastiki mahali pa hatari unatosha.

Waya mrefu unaotoka kwenye gitaa nao utazame. Waya wa gitaa una wavu wa shaba unaozunguka waya wa katikati, kama ule wa antena ya televisheni. Waya wa spika hauna wavu, ingawa plagi zake zinafanana kabisa. Ukichomeka wa spika kwenye gitaa, umeongeza antena ya mita tano.

Mwisho ni umeme wenyewe. Vijijini wengi wanapigia inveta ya sola au jenereta. Inveta za bei ya chini hazitoi wimbi laini, zinatoa wimbi la ngazi ngazi, na ngazi hizo ndizo zinazolia kwenye gitaa. Weka inveta mbali na mpiga gitaa, tumia waya mrefu wa umeme badala ya waya mrefu wa gitaa. Taa za LED za bei rahisi na chaja za simu nazo zina mchango wake. Zima moja moja usikilize. Mashine ya kusaga iliyo jirani kwenye laini hiyo hiyo huwezi kuizima, ila unaweza kujua saa zake. Ukipata kiamplifaya kidogo cha betri, piga nacho nje, mbali na nyaya. Gitaa likiwa kimya huko, kosa liko kwenye jengo.

Pini ya tatu

Nilisema nitarudi hapa. Wakati mwingine mvumo unaletwa na vifaa viwili vilivyounganishwa kwa waya wa sauti huku kila kimoja kimechomekwa soketi tofauti, kwa mfano amplifaya ukutani na mikisa upande wa pili wa ukumbi. Athi zinakutana mara mbili, na umeme kidogo unazunguka kati yake. Mtu mjanja atakuonyesha dawa: kata pini ya athi kwenye plagi ya amplifaya. Na kweli, mvumo unaisha.

Mimi mwenyewe niliwahi kuitumia dawa hiyo, nikiwa kijana, kwenye ukumbi mmoja mkoani hapa. Nilifungua plagi, nikatoa waya wa athi, nikafunga. Kimya kizuri. Niliposogea kuimba, mkono ukiwa kwenye nyuzi, midomo ikagusa maikrofoni. Nilitupwa nyuma, na jino moja likapasuka. Nilikuwa na bahati ya viatu vya raba na sakafu kavu.

Tarehe 3 Mei 1972, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows hakuwa na bahati hiyo. Alikufa jukwaani mjini Swansea, nchini Uingereza, mbele ya watu waliokuja kumsikiliza, baada ya kugusa maikrofoni iliyokuwa na hitilafu ya athi.

Ule waya wa briji tuliousifu muda wote ndio unaokuunganisha na amplifaya. Athi ikiwa nzima, hitilafu ikitokea ndani ya amplifaya umeme unakwenda ardhini na fyuzi inakatika. Athi ikiwa imekatwa, umeme unakuja kwenye nyuzi na kusubiri mkono wako. Dawa halali ya mvumo wa athi mbili ni kuchomeka vifaa vyote vya jukwaani kwenye ekstensheni moja yenye athi, kutoka soketi moja.

Kabla ya kuimba, mwenye mita apime kati ya nyuzi za gitaa na wavu wa chuma wa maikrofoni, mita ikiwa kwenye volti za AC, kipimo kikubwa. Ikionyesha volti chache, sawa. Ikionyesha makumi, msipige, hata kama bwana harusi ameshasimama mlangoni. Kwenye jenereta ndogo angalieni skrubu ya athi, kwa sababu mara nyingi haijafungwa na kitu chochote. Na kwenye majengo ya Handeni, ambako ardhi hukauka sana miezi ya kiangazi, ile nondo ya athi iliyochimbiwa miaka mingi iliyopita inaweza isipitishe tena. Fundi umeme mwenye leseni ana kifaa cha kuipima.

Yule wa Kabuku alifanya majaribio jioni ile ile. Akigusa nyuzi, hakuna kilichobadilika. Akishika chuma cha plagi, mvumo ukashuka zaidi ya nusu. Alipofungua kifuniko cha nyuma, chuma cha springi kilikuwa na alama ya risasi ya zamani na hakuna waya. Waya wenyewe ulikutwa upande wa mbele, umekunjwa vizuri chini ya pikapu ya kati, ncha yake bado ina risasi. Fundi wa Korogwe aliurudisha bila kudai malipo. Mvumo kidogo uliobaki unatoka kwenye taa mbili za madhabahuni, na kwaya imekubaliana kuzizima wakati wa wimbo wa kwanza.